Sanda Iliyobaki Garini

Mniwie radhi kwa mwandiko wangu mbaya na maneno nitakayoyakosea. Niliishia darasa la saba, na kalamu naishika nikiwa na jambo zito tu.

Mwaka jana bibi aliyenilea alifariki kijijini kwetu, juu ya Mkuyuni. Mjomba, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, alinituma mjini na kirikuu changu, kigari cha mizigo, nikanunue sanda. Aliniahidi pia kwamba nitaingia kaburini kumpokea bibi. Hilo nilililia moyoni kuliko kitu chochote.

Niliporudi, watani wetu wa ukoo walikuwa wameshafika. Kwetu, mtani akija msibani ana ruhusa ya kunyakua chochote, hata sanda, na kukikalia mpaka abembelezwe. Nilipowaona wanalikimbilia gari niliruka nje, nikabonyeza loki, nikabamiza mlango. Ufunguo ukabaki kwenye swichi, na sanda kitini. Mlango wa pili nilikuwa nimeshaufunga tangu mjini.

Mama mmoja wa watani akachungulia kiooni.

"Jamani, njooni muone! Mjukuu kaifungia nguo ya bibi yake!"

"Bibi mwenyewe alijua huyu hana akili," mwenzake akadakia. "Ndiyo maana kawahi kufa, asiyaone haya."

Wakacheka hata waliokuwa wanalia.

Nikaokota jiwe. Mjomba akanishika mkono. "Vioo vimwagikie sanda? Unataka kumvisha bibi yako chupa?"

Nikapewa waya. Waya ukawa unateleza kila ukigusa loki. Mjomba akatazama jua, kisha akatuma mtu msikitini, ikaletwa sanda ya akiba. Bibi akavikwa hiyo, akasaliwa. Jeneza lilipopita karibu yangu niliuacha waya, nikalifuata.

"Wewe baki na gari lako," mjomba alisema bila kugeuka. "Kaburini ataingia mwenye akili."

Nilibaki, nikauokota tena waya.

Mlango ulifunguka watu wakiwa tayari wanarudi na majembe. Yule mama akaniambia, "Haya, mtani, mpelekee. Baridi ya huku milimani unaijua."

Wakacheka tena. Safari hii mjomba alicheka nao.

Nikienda makaburini nasimama mbali, kama mpita njia. Wewe unayesoma, kama uliwahi kuzuiwa kumzika mtu wako, tafadhali niandikie uniambie ulimuaga vipi baadaye. Nasoma polepole, lakini barua yako nitaisoma yote.