Injinia wa Foleni

Shemeji yangu, mume wa dada, tunamwita Injinia kwa sababu ukimwita jina lake haitiki. Miezi tisa alikaa sebuleni kwangu akingoja kazi inayolingana na kichwa chake. Mwishowe zahanati ninakofanya utarishi ikampa jaribio: atengeneze programu ya kutoa namba za foleni kwenye madirisha matatu. Ikimaliza siku moja bila kasoro, anaajiriwa.

Programu yake ya kwanza ilihudumia dirisha moja huku mengine yakisubiri. Ndipo akajifunza ufundi wa kompyuta uitwao nyuzi. Alinieleza kama anayemweleza mbuzi: programu moja unaigawa iwe vibarua kadhaa, kila kibarua na dirisha lake, wote wanachapa kazi kwa wakati mmoja. Alijifunza siku mbili. Ya tatu alikuwa bingwa.

Mimi si msemaji, na shule yangu iliishia darasa la saba. Lakini nimewahi kuona makarani wawili wakichungulia daftari moja, wote wakakuta namba ya mwisho ni arobaini, wote wakaandika arobaini na moja. Tangu hapo kalamu ni moja. Asiye nayo anangoja. Nikajikaza nikamuuliza:

"Shemeji, hao vibarua wakisoma namba ya mwisho kwa pamoja?"

"Kompyuta si makarani wenu, Bwana Bahasha."

"Umewajaribu wote watatu pamoja?"

"Nimejaribu mara mia!"

Kweli, mara mia. Peke yake, dirisha moja, kidole kimoja.

Siku ya jaribio alivaa tai. Saa tatu haijafika, kina mama wawili wakakutana mlangoni kwa daktari.

"Kumi na saba ni mimi."

"Na hii yangu ni nini, picha ya arusi?"

Muuguzi mkuu akasoma karatasi zote mbili, akamwita Injinia. "Rekebisha. Nakupa mpaka kesho."

Angesema ahsante tu, kazi ilikuwa yake. Lakini akanyoosha tai.

"Programu haina kosa, mama. Makarani wanabonyeza kwa pupa. Wagonjwa waje mmoja mmoja."

"Niwatangazie watu waugue kwa zamu?"

Foleni nzima ikacheka, hata wenye vidonda vya koo. Muuguzi akachomoa waya mwenyewe.

Sasa Injinia amefungua darasa la nyuzi sebuleni kwangu. Ana wanafunzi wanne, na wote wanamwita Profesa.