Depo Iliyopangwa kwa Moto

Mama mkwe wangu alipanga depo kwa heshima. Depo ni kile chumba kidogo cha chakula nyuma ya sebule yetu ya Kisangani, upande wa Simi-Simi. Juu kabisa aliweka vya wageni: sukari, sardini, maziwa ya unga. Katikati vya wakubwa. Vya watoto vilikaa chini, kwenye sakafu ya unyevu, na ndivyo vilivyooza kwanza. Miezi na miezi niliona karanga zikiota ukungu, nikachambua na kutupa zilizooza.

Vita vilipokaribia, bwana wangu alikuwa Bengamisa kununua mchele, na barabara ikafungwa. Tulibaki mimi, mama yake na watoto wangu. Makala, yaani makaa ya kupikia, yakawa ya kutafuta kwa tochi. Tena jiko letu lilikuwa uani, na kuvuka ua risasi zikilia ni kujitafutia kifo.

Basi asubuhi moja nikatoa kila kitu nje, nikafagia, nikainua mbao juu ya matofali, nikapanga upya kwa moto unaohitajika. Ubao wa chini, mkono wa mtoto unapofika, niliweka vinavyoliwa bila kupikwa: kwanga, ule mkate wa muhogo, ndani ya majani yake, karanga za kukaanga, samaki wa moshi. Ubao wa kati ukawa wa moto mdogo, unga wa uji na wa fufu. Maharagwe, yanayokula makala kutwa nzima, niliyapeleka juu kabisa.

Mama mkwe akasimama mlangoni, mikono kiunoni, na jirani yetu nyuma yake.

"Ninyi watu wa Butembo, hata depo munageuza duka. Na vitu ya wageni iko wapi?"

"Mama, wageni gani watakuja na vita hii?"

Hapo nilijua nimevuka mpaka. Alikusanya sukari yake na sardini zake, akazisukuma chini ya kitanda chake.

"Bon. Siku watoto watalala njaa, hata siku moja, jiko inarudi kwangu. Hautagusa tena hata chumvi."

Alisema makusudi jirani asikie. Iliniuma sana. Mwanamke aliyeolewa akinyang'anywa jiko, anabaki mpangaji tu katika nyumba ya watoto wake.

Mapigano yalianza nikiwa nafua. Tulijifungia ndani, tukalala sakafuni, vifuniko vya sufuria vikigongana vyenyewe. Njaa ilipowashika, watoto walitambaa hadi depo, wakajichukulia kwanga na karanga, bila kuniuliza kitu. Bunduki zilipotulia kidogo, niliwasha mbabula, jiko dogo la kubebeka, kwenye mlango wa nyuma, makala ya kiganja kimoja tu, fufu ikaiva, na makala yaliyobaki nikayafunika kwenye kopo yazimike, yatumike tena. Mama mkwe alikula pamoja nasi. Lakini kila jioni alichungulia depo, na mimi nilimwona akichungulia.

Kwanga ikaisha. Kisha unga ukaanza kugusa chini ya mfuko, na roho yangu ikawa juu juu. Asubuhi iliyofuata tuliamka kukiwa kimya. Hakuna bunduki, hakuna ndege. Nikavuka ua kwa miguu yangu miwili, nikainjika maharagwe kwenye jiko la uani, nikayaacha yachemke mpaka yapasuke. Watoto walikula mpaka wakalala palepale kwenye mkeka. Hakuna hata mmoja aliyelala njaa, hata siku moja. Nilishinda, na sioni haya kusema nilishinda.

Nilikuwa nasugua sufuria huku nikiimba mama mkwe alipotoka chumbani, amebeba sukari na sardini kifuani. Tangu niolewe aliniita "muke ya mutoto yangu", basi.

"Mama," akaniambia, "hii inakaa wapi?"

"Ubao wa chini, mama. Haiombi moto."

Akainama polepole, mkono mmoja kiunoni, akaviweka vitu vya wageni pale mikono ya watoto inapofika.