Chupa mbili za ubongo kule mgodini Geita: "Mzungu" na "Mwafrika", wote nilikuwa nawajua

Wakuu, shikamoo zenu nimezipokea zote, marahaba. Nakaribia miaka tisini na nachapa kwa kidole kimoja, kwa hiyo sina muda wa kuwadanganya.

Jana humu jamaa kaandika kwamba sisi weusi ubongo wetu umeumbwa pungufu. Chai ya asubuhi imenishinda kwa hasira.

Miaka ya hamsini nilikuwa dresa, msaidizi wa kufunga vidonda, kwenye hospitali ya mgodi, Geita. Rafiki yangu Masanja, mchimbaji kutoka Mhunze, aliangukiwa na mwamba kifuani, akafa. Daktari wetu Mzungu akatoa ubongo wake bila kumuuliza mtu, akauloweka kwenye fomalini, dawa ya kuzuia kuoza. Mama yake alikabidhiwa mwili umeshashonwa.

Ubongo ulipokakamaa, daktari akaniamuru niupasue katikati, kulia na kushoto. Nusu moja niimenye utando, nyingine niiache.

Kazi hiyo naijua. Sisi watoto wa wafugaji tumemenya bongo za mbuzi tangu utotoni, kabla hazijaingia chunguni. Ukiutoa ule utando, mikunjo yote inajitokeza na mifereji yake. Ukiuacha, juu panaonekana laini tu.

Nilidhani ni mambo ya kitaalamu. Kumbe!

Wiki iliyofuata tuliitwa madresa wote tuliokuwa tunaomba kwenda kusomea uganga wa hospitali. Mezani chupa mbili. Ile yenye mikunjo imeandikwa "Mzungu". Ile yenye utando, "Mwafrika".

Akatuambia tujionee wenyewe kwa nini masomo yale hatuyawezi.

Wenzangu wakainamisha vichwa. Wakuu, nilichemka! Nikatumbukiza mikono kwenye chupa, nikatoa nusu zote mbili, nikaziunganisha mbele yao. Zikakaa pamoja kama karanga.

"Huyu ni Masanja," nikasema. "Kulia na kushoto."

Nilifukuzwa palepale. Masomo sikuyapata hadi leo, na sijasamehe.

Nilikwenda moja kwa moja Mhunze kumweleza mama yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu.

Funzo langu: ukiletewa ushahidi kwamba wewe ni duni, mtafute kwanza aliyeuandaa.

Karibuni mseme yenu, hata matusi nitasoma. Ila yule wa jana aanze kwa kumjibu mama Masanja:

"Baba, kama nusu ya mwanangu ilikuwa Mzungu, mbona huko mgodini walimwita boi mzima mzima?"