Jumapili Niliyompisha Mwenzangu wa Barafuni

Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili timamu. Sina tabia ya kuona mashetani. Nina diploma ya ufundi wa mitambo, niliyojilipia kwa kuosha vyombo Ulaya, na huko huko nikaiwakilisha Kenya kwenye mbio za kuteleza juu ya barafu, mita elfu moja na mia tano. Nani mwingine hapa mtaani Tena, Nairobi, anaweza kusema hivyo?

Mbio hizo hukimbiwa wawili wawili, na kila mzunguko mnabadilishana njia. Anayetoka njia ya nje hupishwa. Katika mashindano yangu ya mwisho sikumpisha mwenzangu, Mnorwe mwenye ndevu nyekundu. Niliitaka medali. Tukagongana, goti lake likavunjika, hakuteleza tena. Nilirudi nyumbani bila kumwomba msamaha. Mwaka jana nikasikia amefariki, na usingizi ukaniruka.

Kila Jumapili hufanya mazoezi kwa viatu vya magurudumu, kwenye barabara ya viwanda karibu na Mukuru kwa Reuben, watu wakiwa kanisani. Siku hiyo nikasikia mtu upande wangu wa nje. Hayakuwa magurudumu. Ilikuwa sauti ya chuma kikikata barafu, na niamini, sauti hiyo siwezi kuikosea. Nikageuza shingo: ndevu nyekundu, goti zima, viatu vya visu vya barafuni juu ya lami yenye joto.

"Njia, rafiki," akasema.

Ningeweza kumshinda, kasi nilikuwa nayo. Lakini safari hii niliacha kusukuma, nikamnyoshea mkono apite. Alipoingia tu mbele yangu, lori la kontena likachomoka getini bila honi, likapita pale pale ambapo ningekuwa. Likampitia. Chini yake hapakuwa na kitu.

Mzee Mutua, soja wa geti lile, akaja akanishika bega. "Mkubwa, kila Jumapili unapita hapa kama mwizi wa kuku. Leo ulikuwa unampisha nani?"

Nilikaa kando ya barabara nikacheka hadi machozi yakanitoka. Kwenye lami kulikuwa na mchirizi mweupe, mwembamba. Niliugusa, ukaniuma vidole kwa baridi.

Jioni hiyo nilimwandikia barua mama wa yule Mnorwe, nikakiri kosa langu. Tangu hapo nalala kama mtoto. Na wewe unayeteleza huko Jumapili, ukisikia barafu ikikatwa upande wako wa nje, usijione bingwa. Mpishe.