Kashindi wa Sinema na Maneno Aliyoyakataa

Nakumbuka Jumapili moja ya ujana wangu, mwanangu, madirisha ya jumba la parokia hapa Uvira yamezibwa kwa mablanketi mchana kweupe, na sisi tumejazana ndani tunatokwa jasho, tunangoja kumwona baba yangu mdogo kwenye shuka nyeupe iliyotundikwa ukutani. Wewe unayetaka sana jina lako lijulikane, kaa hapa karibu nikusimulie. Si hadithi ya kuchekesha.

Baba mdogo huyo aliitwa Kashindi, kitinda mimba wa koko wangu, mama yake baba. Kabla ya uhuru alikuwa anapakua mizigo bandarini Kalundu. Wakaja Wamarekani na mashine zao kupiga filamu ya uwindaji kule uwandani, upande wa Bwegera, wakamchukua awabebee masanduku. Alikuwa mrefu, ana sauti nzito ya kutulia, na uso ambao ukishauona huwezi kuupita. Wakamsimamisha mbele ya mashine mara moja, wakampenda. Walipoondoka, waliondoka naye. Tukasikia tu kwamba amefika Amerika, mahali panapoitwa Hollywood, ndipo filamu zinapozaliwa. Miaka ikapita, barua zikawa chache, na sisi mtaani kwetu Mulongwe tukatembea vichwa juu.

Basi Jumapili hiyo padri alikuwa amepata filamu ambayo Kashindi yumo. Koko tulimkalisha mbele kabisa. Hakuwa ameona sinema maishani mwake. Mashine ikaanza kunguruma, akatokea mzungu mwenye kofia na bunduki, na nyuma yake, na mzigo kichwani, Kashindi! Jumba zima lilipiga kelele. Akasema maneno machache, mzungu akajibu, wakaendelea kutembea. Halafu Kashindi akajikwaa, sanduku likaanguka, na yule mzungu akachomoa fimbo akaanza kumpiga.

Vijana waliokaa nyuma walicheka. Koko akainuka. Alipita juu ya magoti ya watu mpaka kwenye shuka, kivuli chake kikafunika picha yote, akaikamata ile shuka kwa mikono miwili.

"Muache! Muache mutoto wangu! Alikukosea nini?"

Padri alizima mashine. Baba yangu akamshika mama yake bega, akamweleza polepole kwamba ule ni mchezo, kwamba Kashindi hakuumia, alilipwa kwa kazi hiyo. Koko akamtazama.

"Ule uso minye mama yake niliuzaa," alisema. "Najua wakati unacheza na wakati haucheze."

Tulimpeleka nyumbani. Mjini watu walilicheka jambo hilo muda mrefu sana, lakini koko hakuomba radhi kwa mtu.

Uhuru ulipokuja, Kashindi naye akarudi. Alishuka bandarini amevaa suti ya rangi ya majivu na kofia, mkononi ana sanduku moja tu. Vijana walimbeba mabegani kutoka Kalundu, wanaimba, wanamwita Sinema. Ulikuwa wakati wa kuimba, mwanangu. Kila mmoja alidhani kesho yake imekwisha kufika. Jioni watu walijaa uani kwetu wamsikilize. Aliwasimulia taa, magari, wanawake wenye nywele kama nyuzi za dhahabu, na namna alivyosimama bega kwa bega na watu ambao sura zao hubandikwa ukutani. Watu walimwamini. Lakini mimi ndiye niliyempelekea maji asubuhi, nikaona mikono yake inavyotetemeka mpaka apate kikombe cha kwanza cha pombe kali. Baada ya hapo ndipo aliweza kufunga vifungo vya shati.

Koko hakumuuliza habari za taa. Alimngoja mpaka wageni wapungue, siku moja wakati wa kuchambua dagaa, akamwambia:

"Kashindi, kule ulikuwa unafanya nini kabisa?"

Aliokota dagaa mmoja akamchambua. Kisha akasema, "Nilikuwa nakufa, mama."

"Unakufa namna gani?"

"Muzungu iko mbele na bunduki, minye niko nyuma na muzigo. Simba akikuja, ananikamata minye. Kama hapana simba, ni mushale. Nikikufa, banasema imeisha, ninaamuka, ninajipanguza vumbi. Kesho ninakufa mu filamu ingine."

"Na ukikufa, nani analia?"

"Hakuna mutu. Filamu inaendelea."

Ndipo akafunguka. Jina lake hawakuliandika popote. Mezani alikaa peke yake, nyuma ya jengo, kwa sababu ya rangi yake. Alioa kule, mke akamchoka kwa ajili ya pombe akaondoka na mtoto, na hakujua walipoelekea. Alifungwa jela kwa ugomvi wa baa. Alipotoka, kazi zilikuwa zimekwisha. Walikuwa wamepata mwingine mrefu kama yeye. Koko aliendelea kuchambua dagaa, machozi yanadondokea kwenye ungo, asiyafute.

"Sasa uko nyumbani," alisema mwisho. "Hapa usikufe tena kwa kupendeza watu."

Hilo ndilo lililokuwa karipio lake, wala hakupaza sauti.

Ningependa kukuambia kwamba baba mdogo aliacha kunywa siku hiyo. Hakuacha. Mchana ulimkuta amelala kwenye mchanga karibu na mto, na wale waliombeba mabegani wakawa wanampita. Mimi wakati huo nilikuwa nimeolewa na Ruben, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole aliyependa chaki kuliko chakula. Ruben ndiye aliyekuwa anamwokota baba mdogo na kumleta nyumbani, bila neno.

Kisha, miaka michache baada ya uhuru, uasi dhidi ya serikali ukashuka uwandani. Tulisikia wamepita Bwegera, wako Kiringye, na kabla hatujaamua tukimbilie wapi walikuwa wameingia mjini, vijana wenye majani vichwani, wengine tuliwajua tangu wakiwa wadogo. Wakubwa wa ofisi walikuwa wamekwisha kuvuka mpaka kwenda Bujumbura. Kwa hiyo hasira ikaangukia waliobaki: makarani, wauguzi, walimu, kila aliyejua Kifaransa. Ndege za serikali, zilizotoka kwa Wamarekani, zilipoanza kupita juu yetu, ikasemwa kuna mtu mjini anayeziita kwa redio. Wakamkamata Ruben. Kosa lake ni kwamba shuleni kulikuwa na redio ya zamani, iliyokufa, ambayo aliifungua ili awaonyeshe wanafunzi nyaya zake.

Mkuu wao hapa alikuwa mtu anayependa mambo yafanyike hadharani. Alitaka hukumu, watu wote wawepo uwanjani, na shahidi anayejua Kiingereza na anayewajua Wamarekani. Akakumbushwa kwamba yupo Sinema.

Nilikwenda kumpelekea mume wangu chakula, nikamkuta baba mdogo nje ya gereza, amenyoa ndevu, amevaa koti la kijeshi la waasi. Hakuwa amelewa.

"Bamenipa maneno," aliniambia.

"Maneno gani?"

"Niseme nilisikia Ruben anaongea na Wamarekani mu redio. Niseme ni minye nilitafsiri. Nikisema vizuri, nitakuwa mukubwa wa matangazo. Jina langu batalisoma la kwanza."

"Na usiposema?"

Alitazama mlango wa gereza. Nilimshika mkono. Nilitaka kupiga magoti, lakini alinizuia.

"Mutoto wangu, miaka yote nilisema yale baliniandikia. Sijui kama niko na maneno ingine." Akaondoka, nikabaki nimesimama na sufuria yangu.

Kesho yake asubuhi uwanja wa mpira ulijaa. Ruben alifungwa mikono, miwani wameivunja, anatafuta sauti yangu kwa masikio. Mkuu alisimama juu ya meza, akataja jina la Kashindi kwa kipaza sauti, jina lote, na la baba yake. Vijana wakapiga makofi. Baba mdogo akapanda mezani. Na kweli, mwanangu, alipendeza. Alisimama kama mtu aliyeumbwa kwa ajili ya kusimama pale. Nilimwona koko mbele yangu amejifunika uso kwa kitenge.

Alianza kwa ile sauti yake nzito: "Huyu mutu munaona, minye namujua." Akamgeukia Ruben. "Namujua kwa sababu kila siku nikianguka mu njia, ni yeye ananiokota. Redio yake ni chuma tu. Haiongee na mutu. Iko mwalimu wa batoto yenu."

Mkuu akamsogelea. "Umesahau maneno yako?"

"Sikuyasahau," alisema Kashindi. "Nayakataa."

Walimvuta chini wakampiga pale pale. Lakini jambo lilikuwa limekwisha tendeka. Mama mmoja akasema kwa nguvu, "Ni kweli, iko mwalimu wetu!" Mwingine akadakia, kisha kina mama wote wakakaa chini kwenye vumbi wakakataa kuondoka. Hata kijana mmoja wa wapiganaji, aliyefundishwa kusoma na Ruben, alimnong'oneza mkuu kitu. Jua lilipokuwa kali Ruben alifunguliwa kamba. Baba mdogo waliondoka naye.

Alikaa katika gereza lile mpaka askari wa serikali walipourudisha mji. Nao walipomkuta na koti la waasi, walitaka kumpiga risasi. Safari hiyo Ruben ndiye aliyekwenda kusimama mbele ya bunduki na kusema anamjua. Walimwachia. Alirudi na vidole visivyokunjika vizuri na kikohozi kisichopona, akaishi nasi Mulongwe miaka michache. Siku nyingine alikunywa, siku nyingine hakunywa. Watoto wa mtaa waliendelea kumwita Sinema. Alikufa kitandani, wakati wa mvua, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mume wangu.

Mwanangu, ninalotaka ulichukue ni hili. Si aibu kukaa nyuma ya wengine. Kazi ya nyuma ni kazi, na anayekudharau kwa ajili yake ndiye mwenye kasoro. Lakini usimruhusu mtu akuwekee kinywani maneno ya kumwangamiza mwenzako, hata akikupa meza ya kusimama na makofi ya uwanja mzima. Siku hiyo ikifika, hutakuwa na muda wa kujifunza ujasiri. Kwa hiyo anza sasa kuwakataa wanaokuomba uongo mdogo. Na yule mlevi unayempita njiani, usifikiri umekwisha kumjua. Mwulize yaliyomuumiza. Akirudi mtu kutoka mbali, mwulize hayo kwanza kabla hujamwuliza alichokuletea.

Nenda, Mungu wa wazazi wetu akuongoze. Akupe kazi ya mikono yako na usingizi mtamu. Akupe mtu wa kukuinua ukianguka, na wewe akufanye mtu huyo kwa mwingine. Popote watakapokuita kwa jina, uitike bila kuona haya. Amina.