Walioruhusiwa Kuusoma Ukurasa Ule

Mimi ndiye mwenye funguo za Daftari. Sijisifu, nasema tu ilivyo. Daftari ni jina tulilolipa ghala letu la maarifa mtandaoni, sisi wahudumu wa afya wa kujitolea wa Mashimoni, hapa Kibera, pamoja na wenzetu wa Kawangware. Humo tumeweka yale tuliyojifunza kwa kupita nyumba hadi nyumba: namna ya kuongea na mama anayeogopa kujifungulia kliniki, namna ya kupima mkono wa mtoto aliyedhoofu, dawa ya maji itiwe kiasi gani kwa mtungi. Kila ukurasa una mipangilio ya nani anaruhusiwa kuuona, na anayeamua ni mimi, kwa sababu siku ya mafunzo ni mimi pekee niliyefika na simu yenye chaji. Vyeo vingine huja hivyo.

Ukurasa ninaotaka kuuzungumzia niliuandika mwenyewe. Tena niliuandika vizuri, na hilo ndilo linaloniuma.

Jirani yangu alikuwa mwanamke wa Kitui, mpika mandazi. Mimi ni mtu wa Magharibi mwa Kenya, na kwa miaka tisa tulitaniana kuhusu hilo: yeye akisema watu wa kwetu tungeweza kula ugali hata na maji moto, nami nikimwambia kwao mvua ikinyesha watu hukimbia wakidhani ni mwizi. Ukuta wetu ulikuwa mmoja, wa mabati. Nikipiga chafya upande huu, yeye husema pole upande ule bila kuacha kukanda unga wake. Sikuwa na mume wala mtoto wa kuniambia pole. Nilikuwa na yeye, na sikuona kama kuna kitu nimepungukiwa.

Alipoanza kukohoa usiniulize kwa nini alichelewa kwenda kupimwa. Mtu anayepika chakula cha kuuza hapimwi kifua hadharani. Nilimpeleka mimi, ikapatikana kuwa ni TB, naye akaniapisha palepale kwenye benchi la kliniki kwamba sitamwambia mtu. Nikaapa. Akameza dawa miezi miwili, wa tatu akaziacha. Nilipogundua nilimjia juu. Nilimhubiria kuhusu aibu kama nimekodiwa na kanisa: kwamba ugonjwa si dhambi, kwamba aibu ndiyo huua watu kuliko kikohozi. Alinisikiliza akiwa ameinama. Baada ya wiki mbili akarudi kwa dawa, akamaliza, akapona kabisa.

Nilijivunia kazi hiyo. Ndipo nikaandika somo katika Daftari kwa ajili ya wahudumu wapya, nikalipa kichwa: Mgonjwa Aliyeacha Dawa kwa Sababu ya Aibu. Kiapo nilikikumbuka, ndiyo maana jina lake sikulitaja. Sikutaja hata kwao ni wapi. Nikajiona mtu anayejua kutunza siri.

Lakini sisi wahudumu tuna desturi moja. Nyumba za Mashimoni hazina namba, kwa hivyo kila taarifa ya mgonjwa tunaianza na njia ya kumfikia, hata kama hakuna anayetumwa huko. Mkono huandika wenyewe. Nami nikaandika: ukitoka kioski cha maji shuka ngazi za mawe, plot ya geti la kijani, mlango wa mwisho, huwa na karai la mandazi nje. Nilifuta jina katika mahali ambapo hakuna mtu anayemjua mwenzake kwa jina la kitambulisho. Kwetu watu hujulikana kwa milango yao na kwa wanachouza. Ningeandika jina lake kamili nisitaje mlango, wachache sana wangejua ni nani.

Kosa la pili ni la uvivu. Nusu ya wenzangu hawakuzikumbuka barua pepe zao, wengine walitumia simu moja watu wawili, na kumwingiza kila mmoja kwenye orodha kulinichosha. Basi nikachagua pale palipoandikwa kwamba yeyote mwenye kiungo, ile linki ya ukurasa, anaweza kutazama. Nikaita hiyo kurahisisha kazi.

Mhudumu mmoja alilipenda somo, akalituma kwenye kikundi cha simu cha kanisa lao ili watu wajue umuhimu wa kumaliza dawa. Nia yake ilikuwa njema. Kutoka hapo liliruka hadi Kisumu Ndogo, upande mwingine wa Kibera, na kurudi kwetu kabla ya jua kuwaka sawasawa. Asubuhi hiyo jirani yangu alikaa na karai lililojaa hadi saa nne. Watu walipita wakimsalimia kwa adabu nyingi kupita kawaida. Mwisho wa somo nilikuwa nimeandika kwamba mgonjwa alipona na hawezi kumwambukiza mtu, lakini nani husoma hadi mwisho?

Alikuja mlangoni kwangu na simu ya kuazima.

"Huyu ni mimi?"

"Sikuandika jina," nikamwambia. Ndilo jibu nililokuwa nalo, na hadi leo nikilikumbuka natamani kujizaba kofi.

"Na hiyo geti? Na karai?"

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua pa kushika. Wiki hiyohiyo alihamia Kawangware, vitu vyake vikabebwa kwa mkokoteni mmoja, na mimi nikabaki ndani nikijifanya nafua.

Baada ya hapo nilifunga kila kitu. Nilipitia kurasa zote za Daftari, moja baada ya nyingine, nikaondoa ruhusa hata kwenye ule wa dawa ya maji, ambao hauna siri ya mtu yeyote. Aliyetaka kusoma ilibidi aombe, nami nikawa na maswali mengi kama askari wa getini.

"Dada, si hii tuliandika sisi wote?" mwenzangu mmoja aliniuliza. "Mbona tunaomba kama tunaenda Ikulu?"

Nikamwambia ni kwa usalama wa wagonjwa. Wakaomba mara mbili, mara tatu, kisha wakaacha. Nikifungua Daftari naona kwamba msomaji wa mwisho ni mimi, na wa kabla yake ni mimi. Upande wa pili wa mabati alihamia kijana anayeshinda kazini na kurudi kulala tu. Nikipiga chafya, kimya. Nilikuwa mpweke kiasi cha kuanza kuwasha redio ili nisikie mtu akisema habari ya asubuhi, na nilikuwa naijibu.

Miezi ikapita. Siku moja mchana simu ikaniletea ombi: mtu anaomba kutazama ukurasa ule. Anwani sikuijua. Chini yake kulikuwa na ujumbe mfupi: Ni mimi wa mandazi. Hiyo siku nilisoma nusu. Nataka kusoma yote.

Nilikaa na ombi hilo siku mbili. Niliogopa. Katika watu wote niliowahi kuwaza kuwaruhusu au kuwazuia, yeye sikuwahi kumfikiria hata mara moja. Siku ya tatu nikakubali, na saa hiyohiyo alama ndogo ikatokea juu ya ukurasa, kuonyesha kwamba kuna mtu ndani. Nikaikodolea macho. Alikaa humo muda mrefu, kisha alama ikapotea, na hakuandika kitu. Nikavaa viatu, nikavuka Barabara ya Ngong kwa miguu hadi Kawangware, nikiulizia mama wa mandazi kutoka Kitui.

Nilimkuta kwenye kibanda chake, amenenepa kidogo, ana wateja. Akanipa stuli, akamaliza kuwahudumia, kisha akaketi.

"Nimesoma yote," akasema. "Watu kujua, hiyo nilishazoea. Huku niliwaambia mwenyewe, na bado wananunua. Lakini umeandika ati niliacha dawa juu ya aibu."

"Si ndiyo?"

"Aibu gani? Ilikuwa njaa. Hiyo dawa ukimeza na tumbo tupu unatapika mpaka nyongo. Nilikuwa nakula mara moja kwa siku. Nilirudi kwa dawa nilipopata duka ya kunikopesha unga wa uji."

"Na mandazi?"

"Mandazi ilikuwa ya kuuza. Ningekula hiyo, kesho ningepika nini?"

Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akanitazama bila hasira, na hilo lilinishinda zaidi.

"Hukuniuliza. Ulikuja na jibu yako."

Nikatoa simu, nikamwambia naufuta ukurasa sasa hivi, mbele yake. Akanishika mkono.

"Usifute. Saa hii kuna mtu hapo Mashimoni anameza dawa na maji tu, na mwenzako anamfunza mambo ya aibu. Andika njaa. Toa hiyo mambo ya geti. Halafu fungulia wenzako wasome."

Nikaandika huku akichungulia juu ya bega langu. Nilibadilisha kichwa, nikatoa njia ya kwenda kwake, nikaweka kwamba mgonjwa aulizwe kwanza amekula nini. Alinisahihisha mahali pawili. Kisha nikarudisha ruhusa kwa wahudumu wote, mmoja mmoja kwa jina, kazi niliyoikwepa tangu mwanzo. Ilichukua muda, na kwa muda huo tulikaa bega kwa bega, nikaanza kuamini kwamba yameisha.

"Sasa mimi unitoe," akasema.

"Nikutoe wapi?"

"Hapo kwa wale wanaona. Nimeshasoma. Sitaki kukuwa naona mambo yako."

Nikatafuta anwani yake kwenye orodha, nikaiondoa, nikamwonyesha kwamba haipo tena. Akaitikia kwa kichwa. Akanifungia mandazi manne kwa gazeti, akanisindikiza hadi kwenye lami, akanishukuru kwa kuja, kama mtu anavyomshukuru mgeni.