Watoto Waliouliza Kifukofuko

Siku yangu ya kwanza ya kazi, Direktrisi, mwalimu mkuu wa shule ya watoto wadogo pale Kimanga, mtaa wa mji wetu ulio kati ya ziwa na milima, alinipa ufagio, akaniambia: "Mama Faida, mutoto akikuuliza kitu, usimujibu mbio. Mwonyeshe." Sikusoma sana. Niliajiriwa kuwa msaidizi wa monitrisi, yaani mwalimu wa hao wadogo. Niliwapeleka chooni, niliwalalisha, nikawasimamia katika somo la kuangalia, ambalo mtoto anafundishwa kwa kitu chenyewe, si kwa ubao.

Baadaye nilihamishiwa shule ya Mulongwe, mtaa mwingine. Uani kulikuwa na mlimao. Viwavi wake wakiwa wadogo utadhani ni mavi ya ndege. Wakikua wanakuwa kijani, na ukiwagusa wanatoa pembe mbili zenye harufu kali. Watoto wanakimbia wakicheka. Halafu kiwavi anaacha kula, anajifunga kwenye kijiti kwa uzi unaopita mgongoni, kama mtoto aliyebebwa kwa kitenge, anavua ngozi. Kinachobaki ni kifukofuko. Hakina macho wala miguu, lakini ukikigusa kinatikisa ncha.

Mchezo wake kwetu ni wa zamani. Unakishika kwa vidole, unakiuliza, "Mbuzi iko wapi?" Ncha inageuka, nawe unafuata huko. Hata mimi niliucheza.

Wakati mmoja njia ya milimani ilifungwa kwa vita. Baba yake Nabintu, mtoto wa darasa letu, alikuwa amepanda Rurambo kuangalia ng'ombe, na habari zake zikakatika. Asubuhi moja Nabintu alishika kijiti chenye kifukofuko, akauliza, "Baba iko wapi?"

Kikageuka upande wa ziwa.

"Kinadanganya!" Amani, rafiki yake, alicheka. "Rurambo iko kule juu! Weye uliza tena."

Akauliza tena. Ziwani. Wakaleta kingine: ziwani. Amani hakucheka tena. "Basi baba yako iko mu maji," alisema polepole.

Toka hapo Nabintu alikataa uji. Alikaa tu chini ya mlimao, akikitazama kile cha kwanza. Mama yake alikuja analia: "Minye nilileta mutoto asome, munamufundisha kuuliza wafu?" Direktrisi wa Mulongwe alitaka vyote vichomwe. Simlaumu, wazazi walishaanza kusema shule ina uchawi.

Nilimwomba, "Direktrisi, tukikichoma, huyu mtoto ataona tumemchoma baba yake. Mwache aone kinachotoka."

"Na kikitoa kitu kibaya, Mama Faida?"

 Nilishaona vifukofuko vilivyotobolewa, wakatoka nyigu wadogo badala ya kipepeo. Aliniachia, lakini sijui hata leo kama nilikuwa na haki ya kuomba.

Tulikifunika kwa kipande cha chandarua. Kikaanza kuwa cheusi, madoa ya mabawa yakaonekana ndani, kama mtu aliyesimama nyuma ya pazia. Kisha, watoto wote wakiwa wamechuchumaa, kikapasuka. Kipepeo akatoka amelowa, mabawa yamekunjamana, akamdondoshea Nabintu tone la rangi ya kutu mkononi. Nabintu hakuondoa mkono.

"Unaona?" nilimwambia. "Ni mdudu tu."

"Ndiyo, Mama."

Akachukua ganda tupu, akaliuliza kwa sauti ndogo. Likageuka ziwani. Labda ni kidole chake, labda upepo. Sikusikia upepo, lakini macho yangu yalishaanza kuchoka, sitaapa. Direktrisi, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, alifanya ishara ya msalaba.

Mabawa yalipokauka, kipepeo aliruka juu ya mabati, akaelekea majini. Nabintu alisimama kumwangalia mpaka akapotea.

"Baba haikuzama," alisema. "Imepita juu ya maji." Akaomba uji.

Siku moja baba yake alirudi kwa mtumbwi. Njia ilipofungwa alishuka uwandani, akavuka mto Ruzizi, akaingia Burundi, akapata watu wa kumvusha ziwa. Mtaa mzima ulipiga vigelegele. Nabintu alikuwa ameshakaa ufukweni tangu asubuhi, na hakuna aliyekuwa amemwambia kuwa baba anakuja.

Sasa nimestaafu, na wajukuu wananiletea vifukofuko kutoka uani. Nawafundisha kuangalia bila kuvunja uzi. Kuuliza mbuzi iko wapi, au kiatu kilichopotea, nawaruhusu. Kuuliza mtu yuko wapi, nawakataza. Mjukuu wangu mkubwa anasema naogopa kwa sababu vinadanganya.

Ingekuwa vinadanganya, nisingewakataza.